Wanyama wa kufuma

Wanyama wa kufuma ni midoli yenye umbo la wanyama inayotengenezwa kwa kufuma uzi kwa sindano au kwa kroshia, kisha kujazwa pamba, sufi au vipande vya nguo. Hutengenezwa nyumbani, katika vikundi vya kina mama, shuleni na katika karakana ndogo sehemu nyingi za dunia. Wengine hufanana na wanyama halisi. Wengi hutengenezwa kwa makusudi wawe wa kuchekesha: twiga aliyevaa skafu, kiboko mwenye miguu mirefu kupita kiasi, au samaki mwenye kope.

Kwa mfumaji, mnyama wa kuchezea hutofautiana na sweta katika jambo moja kubwa. Sweta lazima limtoshe mtu fulani. Likibana mabegani au likipwaya kiunoni, kazi imeharibika. Tembo wa uzi hahitaji kumtosha mtu yeyote. Sikio moja likiwa kubwa kuliko jingine, huyo ni tembo mwenye sikio kubwa. Kwa sababu hiyo wanyama wa kufuma ni kazi nzuri ya kujifunzia, na pia ni burudani kwa mafundi wenye uzoefu.

Makala hii inaeleza asili ya kazi hiyo, kanuni zake, na jinsi inavyoweza kufanyika katika mazingira ya Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa, mkoani Ruvuma, kusini mwa Tanzania.

Maana ya kufuma

Katika Kiswahili neno kufuma hutumika kwa kazi kadhaa za uzi. Hutajwa kwa kutengeneza kitambaa kwenye kitanda cha mfumi, kwa kutengeneza sweta kwa sindano mbili, na kwa kutengeneza vitambaa vya meza kwa kroshia. Makala hii inahusu namna mbili za mwisho.

Katika kufuma kwa sindano, vitanzi vyote vya mstari mmoja hukaa juu ya sindano kwa wakati mmoja, na kila kitanzi kipya huvutwa kupitia kitanzi cha chini yake. Kitambaa chake ni laini na hunyumbuka. Katika kufuma kwa kroshia, kifaa ni kimoja chenye ncha iliyopinda kama ndoano, na kwa kawaida kitanzi kimoja tu huwa wazi kwa wakati mmoja. Kitambaa chake ni kigumu kidogo na hushika umbo vizuri, kwa hiyo watu wengi hukipendelea kwa midoli.

Tofauti na wavu inasaidia kuelewa. Mvuvi wa Ziwa Nyasa anapotengeneza au kurekebisha wavu, kila jicho la wavu hufungwa kwa fundo. Likikatika jicho moja, mengine hubaki imara. Kitambaa cha kufuma hakina mafundo: ni uzi mmoja mrefu uliopita ndani ya vitanzi vyake wenyewe. Uzi ukivutwa kutoka mwisho, kazi yote hufumuka mstari kwa mstari hadi mwanzo. Lugha yenyewe inaonyesha hivyo: kinyume cha kufuma ni kufumua. Kosa la mfumaji humgharimu muda, lakini halimgharimu uzi, na hii ndiyo sababu moja ya wafumaji kuthubutu kujaribu maumbo wasiyoyajua.

Historia

Mabaki ya zamani yanayojulikana ya ufumaji wa sindano yametoka Misri. Miongoni mwake ni soksi za pamba zenye mapambo ya rangi ya buluu na nyeupe, za takriban karne ya 11 hadi ya 14. Kutoka nchi za Kiislamu za Mediteranea ufundi huu ulienea Ulaya, ambako katika miji mingi ulikuwa kazi ya wanaume waliojiunga katika vyama vya mafundi. Kroshia, kwa jinsi inavyojulikana leo, ilienea Ulaya katika karne ya 19.

Midoli laini ya wanyama ilianza kuwa bidhaa ya biashara mwishoni mwa karne hiyo. Mwaka 1880 Margarete Steiff, fundi cherehani wa mji wa Giengen nchini Ujerumani aliyekuwa amepooza miguu tangu utotoni, alitengeneza tembo mdogo wa kitambaa kizito cha sufu. Alikusudiwa kuwa kishikio cha pini za kushonea, lakini watoto walimfanya mdoli wao, na biashara ya familia ikageukia midoli.

Huko Japani ufumaji wa midoli midogo iliyojazwa huitwa amigurumi, jina lililoundwa kutokana na neno la kufuma na neno la mdoli uliojazwa. Mtindo wake ni kichwa kikubwa, mwili mdogo na macho yaliyo mbalimbali. Ulienea duniani kupitia intaneti katika miaka ya 2000, na leo vielelezo vingi vya wanyama wa kroshia hufuata mtindo huo.

Afrika Mashariki ilipokea ufumaji wa sindano hasa kupitia shule za misheni, ambako kushona na kufuma vilifundishwa kama kazi za mikono. Katika eneo la Ruvuma, wamisionari Waanglikana wa UMCA walikuwa na makao yao kisiwani Likoma kuanzia miaka ya 1880 na kuhudumia pia pwani ya mashariki ya ziwa, ikiwemo Liuli. Wabenedikto walifika Peramiho karibu na Songea mwaka 1898. Baada ya uhuru, kazi za uzi ziliendelea kufundishwa katika masomo ya sayansi kimu na stadi za kazi, na katika vyuo vya maendeleo ya wananchi vilivyoanzishwa kuanzia mwaka 1975.

Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa

Wilaya ya Mbinga iko katika milima ya Wamatengo, ambayo sehemu zake hupita mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Wenyeji wake wanajulikana kwa kilimo cha ngolo, yaani mashimo yaliyopangwa kwenye miteremko ili kuzuia mmomonyoko wa udongo, na kwa kahawa aina ya arabika. Upande wa magharibi milima hushuka hadi Ziwa Nyasa, ambalo uso wake uko chini ya mita 500. Mwambao huo, pamoja na Mbamba Bay, Liuli na Lituhi, ulimegwa kutoka Mbinga mwaka 2012 na kuwa wilaya ya Nyasa.

Tofauti hiyo ya kimo ina maana kwa mfumaji. Milimani, hasa mwezi Juni na Julai, asubuhi na usiku ni baridi, na sweta, kofia za watoto wachanga na soksi za kufuma ni mahitaji ya kila nyumba. Ziwani kuna joto, na kazi ya uzi inayoonekana zaidi ni vitambaa vya meza na vya viti. Mnyama wa kuchezea hafungwi na hali ya hewa: anafaa juu mlimani na chini ziwani, na hutumia mabaki ya uzi ya kazi zote mbili.

Watoto wa eneo hili, kama kwingineko Tanzania, wamezoea kujitengenezea vitu vya kuchezea. Gunzi la hindi huvalishwa kitambaa likawa mtoto wa kubebwa mgongoni. Ng'ombe hufinyangwa kwa udongo, magari huundwa kwa waya, na magurudumu hukatwa kutoka ndara zilizochakaa. Mnyama wa kufuma ni ndugu wa vitu hivyo, ila huyu kwa kawaida hutengenezwa na mtu mzima au mtoto mkubwa kwa ajili ya mdogo.

Uzi

Kondoo wengi wa Tanzania ni wa aina zenye nywele fupi na si wa sufu, na wanafugwa kwa ajili ya nyama. Kwa hiyo uzi unaopatikana madukani na minadani kwa kawaida ni wa akriliki, unaotengenezwa kiwandani. Una rangi nyingi, hauliwi na nondo na hukauka haraka. Uzi wa pamba ni mzito zaidi na haunyumbuki sana, lakini hufaa kwa kroshia na kwa maeneo ya joto.

Njia nyingine ni kufumua sweta la mtumba. Kabla ya kununua, mfumaji hutazama mishono ya ndani. Ikiwa vipande viliunganishwa kwa uzi mmoja kando ya pindo zilizofumwa, sweta litafumuka kwa uzi mrefu. Ikiwa kingo zilikatwa kwa mkasi na kushonwa kwa mashine ya kuzuia kuchanika, kila mstari utatoka ukiwa kipande kifupi na kazi haitakuwa na faida. Uzi uliofumuliwa huwa na mikunjo. Huzungushwa kwenye mgongo wa kiti, hufungwa sehemu nne ili usijisokote, huoshwa kwa maji ya vuguvugu, kisha hutundikwa ukiwa umefungiwa uzito mdogo chini hadi unyooke.

Vifaa

Sindano za kufumia na kroshia huuzwa katika maduka ya vifaa vya ushonaji. Penye uhaba, watu hutumia spoku za baiskeli zilizonolewa butu, au vijiti vya mwanzi mkavu vilivyolainishwa kwa msasa. Kijiti chenye kibanzi hushika uzi na kuuchana, kwa hiyo ulaini ni muhimu kuliko unyofu. Vifaa vingine ni sindano butu yenye tundu kubwa, mkasi na futi ya fundi cherehani.

Wanyama wa kuigwa

Mfumaji wa Mbinga au Nyasa hana haja ya kuiga dubu wa nchi za baridi. Ziwa Nyasa lina mamia ya spishi za samaki, wengi wao wasiopatikana kwingine popote duniani. Samaki wadogo wa miambani waitwao mbuna wana rangi kali za buluu, njano na machungwa, wengine wakiwa na milia myeusi ya wima. Kwa mfumaji mwenye mabaki ya uzi wa rangi nyingi hao ni kielelezo tayari. Usipa, dagaa wa ziwa hili, anaweza kufumwa kwa dakika chache, na kundi zima likatundikwa juu ya kitanda cha mtoto mkubwa. Kiboko, mamba, fisi maji, kenge na furukombe wote wanajulikana ziwani. Milimani kuna mbuzi, kuku, nguruwe na paka wa nyumbani.

Kuna pia wanyama wa hadithi. Sungura mjanja, fisi mlafi na kobe mpole wanajulikana kwa kila mtoto aliyewahi kusikiliza hadithi jioni. Wakifumwa watatu hao, bibi anaposimulia ana wahusika mkononi.

Jinsi uzi unavyopata mwili

Kazi yote ya kufuma mnyama inategemea mambo matatu: kuongeza vitanzi, kupunguza vitanzi, na kuvifuma bila kubadili idadi. Kuongeza hupanua, kupunguza hubana, na kutobadili idadi hurefusha. Kwa mpangilio wa hayo matatu hupatikana tumbo, shingo, pua na mkia.

Kroshia inaonyesha kanuni hii kwa uwazi. Mfumaji akianza duara kwa vitanzi 6, kisha akaongeza 6 katika kila mzunguko (6, 12, 18, 24, 30), hupata kitambaa cha duara kilicho bapa. Idadi ya 6 ina sababu ya kihesabu. Katika mshono mfupi wa kroshia, kimo cha kitanzi hukaribiana na upana wake. Kila mzunguko huongeza nusu kipenyo kwa kitanzi kimoja. Na kwa kuwa mzingo wa duara ni nusu kipenyo mara mbili ya pai, mzingo lazima ukue kwa vitanzi 6.28 hivi. Vitanzi 6 hukaribia kabisa, na kunyumbuka kwa uzi hufidia kilichobaki.

Kutokana na hapo mambo mengine hufuata:

- Mfumaji akiacha kuongeza, duara hupinda na kuwa bakuli, kisha mcheduara. Hivyo ndivyo miguu ya tembo inavyofumwa.
- Akianza kupunguza 6 katika kila mzunguko, bakuli hujifunga na kuwa tufe. Hicho ni kichwa.
- Akiongeza chini ya 6, hupata pia. Hiyo ni pua ya panya au mdomo wa kuku.
- Akiongeza zaidi ya 6, kitambaa hukosa nafasi na kujikunja mawimbi. Hilo ni pezi la samaki au upanga wa jogoo.

Jambo hili la mwisho limetumika hata chuoni. Mwaka 1997 mwanahisabati Daina Taimina wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alifuma kwa kroshia kielelezo cha jiometri ya haipaboli kwa kuongeza vitanzi kwa uwiano uleule katika kila mstari. Wanafunzi waliweza kushika mikononi umbo ambalo ni gumu kulichora kwenye karatasi.

Kwa sindano mbili, wanyama wengi hufumwa vipande bapa kisha hushonwa. Samaki anaweza kuanza kwa vitanzi 3 mdomoni, kuongezwa kimoja kila upande katika kila mstari wa pili hadi viwe 21, kufumwa mistari michache bila mabadiliko, kisha kupunguzwa hadi 5 penye kikonyo cha mkia na kuongezwa tena ili mkia upanuke. Vipande viwili vya aina hiyo vikishonwa kandokando na kujazwa, samaki amekamilika.

Kanuni moja haina budi kufuatwa: midoli hufumwa kwa kukaza. Mfumaji huchukua sindano nyembamba kuliko ambayo angetumia kwa sweta la uzi uleule. Kitambaa kikilegea, pamba huonekana katikati ya vitanzi na hatimaye hutoka nje.

Mfano: sungura wa mraba mmoja

Njia ifuatayo inajulikana sana kwa wanaoanza, kwa sababu haihitaji kuongeza wala kupunguza. Mwili wote unatokana na mraba mmoja.

1. Huanzwa vitanzi 30 na kufumwa mistari 60, yote kwa mshono uleule wa kawaida. Katika mshono huo mistari miwili hukaribia kimo sawa na upana wa kitanzi kimoja, kwa hiyo 30 kwa 60 hutoa mraba. Kisha vitanzi hufungwa na kuachwa uzi mrefu.
2. Kwa sindano butu hupitishwa bandi katikati ya mraba, kutoka upande wa kushoto hadi wa kulia. Kutoka mwisho huo bandi hupanda kwa mshazari hadi katikati ya pindo la juu, kisha hushuka kwa mshazari hadi mwanzo. Sasa kuna pembetatu juu ya mraba.
3. Uzi wa bandi huvutwa. Pembetatu hujikusanya kuwa mfuko: hicho ni kichwa. Pembe mbili za juu za mraba hubaki nje na kusimama: hayo ni masikio.
4. Pamba hutiwa ndani ya kichwa, uzi hukazwa na kufungwa vizuri.
5. Kingo mbili za chini hushonwa pamoja mgongoni, mwili hujazwa, na pindo la chini hupigwa bandi na kukusanywa hadi lifunge.
6. Kishada kidogo cha nyuzi hushonwa nyuma kuwa mkia. Macho, pua na masharubu hutarizwa.

Mtu anayeanza anaweza kukaza uzi kwa nguvu zisizo sawa, na mraba wake ukawa mpana upande mmoja. Sungura wake atainamisha kichwa au atakuwa na sikio lililolala. Hilo halihitaji kurekebishwa.

Kumpa mnyama tabia

Wafumaji hukubaliana kwamba mnyama huwa hai pale anapopata macho. Sehemu zilezile za mwili hutoa wanyama tofauti kulingana na mahali macho yanapowekwa. Macho yaliyo chini na mbalimbali hufanya uso wa mtoto. Macho yaliyo juu na karibu huonekana ya mshangao au ya ujanja. Mstari mmoja mfupi wa uzi juu ya jicho hutosha kumfanya fisi awe na hasira au wasiwasi. Kwa hiyo ni desturi kubandika macho kwa pini kwanza, kumtazama mnyama kutoka mbali, kuyasogeza, na kuyatariza tu baada ya kuridhika, kisha kuhesabu pini zote.

Njia nyingine ya kuchekesha ni kubadili ukubwa. Kiboko anayetosha kiganjani na kuku mkubwa kama mto wa kulalia ni vichekesho kwa ukubwa wao tu. Ya tatu ni kumpa mnyama shughuli za binadamu: mbuzi mwenye kikapu cha kahawa, furukombe aliyevaa kofia ya mvuvi, nguruwe aliyefunga kanga. Vazi hufumwa peke yake ili mtoto aweze kulivua na kulivalisha.

Furaha ya kazi hii

Mwaka 2013 Jill Riley, Betsan Corkhill na Clare Morris walichapisha katika jarida la Uingereza la tiba kwa shughuli matokeo ya maswali waliyowauliza wafumaji 3,545 wa nchi mbalimbali. Waliofuma mara nyingi zaidi walielekea kusema kwamba wanajisikia watulivu na wenye furaha. Waliojibu walijitolea wenyewe, kwa hiyo utafiti huo hauthibitishi kwamba ufumaji ndio chanzo cha utulivu. Huenda watu watulivu ndio hupenda kufuma. Hata hivyo unalingana na yale ambayo wafumaji husema: mikono hufanya jambo linalojirudia, akili huhesabu, na wasiwasi hukosa nafasi.

Kwa wanyama wa kuchezea kuna mambo mawili zaidi. La kwanza ni kwamba kazi huisha upesi. Sweta la mtu mzima huchukua wiki kadhaa, lakini mnyama mdogo anaweza kukamilika kwa jioni mbili au tatu. La pili ni kwamba anayepewa anajulikana. Mtu anayefuma kiboko kwa ajili ya mjukuu hufikiria mkono utakaomshika, na huamua unene wa miguu yake kwa kipimo hicho.

Kazi hii si ya wanawake peke yao. Katika kisiwa cha Taquile, nchini Peru, wanaume ndio hufuma kofia za sindano, na wavulana hujifunza wakiwa wadogo. Katika mwambao wa Nyasa wanaume hukaa ufukweni wakirekebisha nyavu, kazi inayodai vidole vyepesi na subira ileile. Mvulana anayeweza kuziba tundu la wavu hatashindwa na vitanzi vya samaki wa uzi.

Usalama na utunzaji

Mtoto mdogo hutia kila kitu mdomoni, na hatari kubwa ya mdoli ni sehemu ndogo inayong'oka. Viwango vya kimataifa vya vitu vya kuchezea vinatilia mkazo watoto walio chini ya miaka 3. Kwa umri huo mnyama hapaswi kuwa na vifungo, shanga wala macho ya plastiki; macho hutarizwa kwa uzi. Kamba na mikia mirefu haifai, kwa kuwa inaweza kumzunguka mtoto shingoni. Mtoto mchanga halazwi na midoli laini kitandani, kwa sababu inaweza kumziba pumzi.

Vya kujazia huchaguliwa kwa makini. Pamba safi, sufi na vipande vidogo vya nguo vinafaa. Pumba, nyasi kavu na mbegu huvutia wadudu na panya, na katika joto na unyevu wa ziwani huota ukungu. Mabaki ya nyuzi yanafaa pia, yakikatwa mafupi ili yasifanye mabonge.

Mnyama huoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo. Hukamuliwa kwa kubonyezwa ndani ya taulo na si kwa kusokotwa, na huanikwa mahali penye upepo. Wakati wa masika ya Mbinga, kati ya Desemba na Aprili, kukauka kabisa kunaweza kuchukua siku kadhaa, na mnyama anayeonekana mkavu nje huweza kuwa bado mbichi ndani. Akriliki huyeyuka na kuungua karibu na moto, kwa hiyo midoli huwekwa mbali na jiko la mkaa na koroboi.

Thamani ya kazi

Mfano unaojulikana wa wanyama wa kufuma kama chanzo cha kipato Afrika Mashariki ni Kenana Knitters wa Njoro, katika kaunti ya Nakuru nchini Kenya, walioanza mwaka 1998. Nyanda za juu za Kenya zina kondoo wa sufu. Wanawake wa vijijini husokota sufu hiyo kwa mkono, huipaka rangi za mimea na kufuma tembo, twiga, kiboko na wanyama wengine wanaouzwa nchi za nje. Kila mnyama huwa na kibandiko chenye jina la aliyemfuma.

Mahali penye uzi wa dukani na wateja wa karibu, hesabu huwa ngumu zaidi. Tuseme mnyama mmoja anahitaji uzi na pamba ya shilingi 4,000, anachukua saa 8 na anauzwa shilingi 12,000. Kinachobaki ni shilingi 8,000, yaani shilingi 1,000 kwa saa. Mfumaji ambaye hahesabu saa huona faida ya 8,000 na kudhani biashara ni nzuri. Anayezihesabu hujua kama inamlipa kuliko shughuli nyingine. Mdoli wa mtumba au wa kiwandani unaouzwa kwa bei ndogo kwenye soko lilelile huzidi kuibana bei yake.

Mashine za mkono za kufumia sweta, zinazotumiwa na mafundi wengi wa sweta za shule Tanzania, hutoa vipande bapa kwa haraka. Kwa mnyama mdogo mwenye vipande vingi vya maumbo tofauti faida yake hupungua, kwa kuwa muda mwingi huenda katika kushona, kujaza na kutariza uso. Kwa sababu hiyo wafumaji wanaouza hupunguza muda kwa njia nyingine: huchagua maumbo yenye mishono michache, hufuma miguu mingi kwa siku moja na vichwa kwa siku nyingine, au hugawana kazi katika kikundi, mmoja akifuma na mwingine akijaza. Uso wa mnyama kwa kawaida huachiwa mtu mmoja, yule ambaye wenzake wanajua kwamba mkono wake hutoa macho yanayochekesha.